Eti unatoboa mti shira inatoka? Dhana potofu kuhusu kupika shira ya mepo nyumbani

Kila mwaka mwezi wa tatu ukiingia, sisi tunaoishi Vermont, Ontario, Quebec na huku kaskazini mwa Marekani na Kanada kwa ujumla tunaanza kurusha picha za ndoo zinazoning'inia kwenye miti ya mepo (maple), tunayoigema ili kupika shira, na kila mwaka maswali ni yaleyale, kutoka nyumbani na hata kutoka kwa wenzetu wa hukuhuku wanaoijua shira ya dukani tu. Ngoja niyajibu kwa mkupuo.

"Unatoboa mti, shira inatoka, unajaza chupa."

Hapana jamani. Kinachotoka ni maji. Ukikinga kiganja chini ya kibomba kilichochomekwa kwenye tundu ukaonja, ni baridi, hayana rangi, na utamu wake mpaka uutafute, maana sukari iliyomo ni kama asilimia 2 tu. Ndio maana lita 40 za maji ya mti zinakupa lita 1 ya shira, na tundu moja likienda vizuri linatoa kama hizo lita 40 kwa msimu mzima. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huku mgema kazi yake yote ni kuyatoa hayo maji.

Na kuyatoa ndio shughuli yenyewe, ndio maana hakuna anayefanya peke yake akafurahi. Mmoja anapasua kuni, mmoja anazunguka na ndoo, watoto wanachoma viazi pembeni, halafu lazima awepo mtu wa karai ambaye haondoki, karai liwe pana na la kina kifupi ili mvuke utoke haraka, unaongeza maji taratibu kadiri yanavyopungua, povu likipanda unadondosha kitone cha siagi linashuka lenyewe. Mnaanza asubuhi, giza linaingia bado mnachochea. Ikishakuwa nzito kidogo tunahamishia kwenye sufuria ndogo, maana hapo mwishoni ukigeuka kumjibu mtu simu inaungua na kazi ya siku nzima imekwenda. Imeiva ikifika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya joto la maji yanayochemka, yaani kama 104, ila pima kwanza maji ya kawaida hapo ulipo yanachemkia ngapi, kwa sababu mahali palipoinuka yanachemkia chini ya 100. Ukiitoa mapema itachacha, ukiipitisha sukari itaganda chini ya chupa. Unaichuja ikiwa ya moto bado, kuna kichangachanga cha madini kinabaki kwenye kitambaa, sio uchafu huo, ni chumvichumvi za mti wenyewe.

"Si upike tu jikoni, jiko la gesi lipo."

Fanya hesabu. Lita 40 zikibaki 1, zile 39 zimeenda wapi? Zimeenda kwenye dari lako na kuta zako, na zimepanda na sukari kidogo, kwa hiyo kila kitu kinanata. Kupikia uani sio mapambo ya picha. Jikoni malizia ile sufuria ndogo tu.

"Ni kazi ya winta nzima, baridi ikizidi ndio maji yanazidi."

Barafu ikikaza mchana na usiku hakitoki kitu. Mti unataka usiku ugande chini ya sifuri halafu mchana upande nyuzi 4, 5 hivi juu ya sifuri. Ukiganda unavuta maji kutoka kwenye mizizi, ukiyeyuka presha inapanda ndani na kuyasukuma nje pale ulipotoboa. Hali hiyo sehemu nyingi inakuja kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Aprili, wiki chache basi. Machipukizi yakianza kufunguka ng'oa vibomba vyako, kwa sababu shira ya hapo inakuwa na ladha mbaya ambayo hata chapati za maji haziifichi. Na maji ukiyakinga yatunze kama maziwa, kwenye theluji au friji, na uyapike ndani ya siku chache, yakikaa kwenye joto yanachacha.

"Unaua mti."

Ukifanya kwa adabu hapana, kuna miti imegemwa zaidi ya miaka 100 na bado ipo. Tundu la milimita 8 hivi, kina sentimita 4 au 5, mti usipungue kipenyo cha sentimita 25 mpaka 30, na mwaka unaofuata usirudie palepale kwa sababu mbao ya juu na chini ya tundu la zamani imeshakufa, haipitishi maji tena. Mti mwembamba uache ukue. Na mti wa barabarani sio wako, omba ruhusa.

"Lazima mti uwe mepo ya sukari."

Ndio unaotoa maji matamu zaidi, lakini mepo nyekundu na ya fedha nazo zinatoa, utachoma kuni zaidi tu. Tatizo la kweli ni kuutambua mti wenyewe mwezi wa tatu wakati hauna hata jani moja. Sisi tunaifunga kamba ya rangi mapema, majani yakiwa bado juu.

"Wazungu ndio waligundua."

Wenyeji wa asili wa huku, yaani Waanishinaabe, Wahaudenosaunee, Waabenaki na wengine, walikuwa wanagema na kutengeneza sukari ya mepo kabla mlowezi hajafika, wanakinga kwa vyombo vya magome ya miti. Walowezi walijifunza kwao, sufuria za chuma ndio wakaleta.

"Nyeusi imeungua, nzuri ni ile ya dhahabu."

Hii inaniudhi kweli, watu wanaikataa ile nyeusi kumbe ndio yenye ladha. Mwanzoni mwa msimu inatoka ya dhahabu, hali ya hewa ikipata joto bakteria wanavunja sehemu ya sukari ndani ya maji, na sukari hiyo ikipikwa inageuka rangi zaidi. Dukani madaraja ya rangi zote ni A, unachagua ladha tu. Mimi kwenye kaimati nataka ile nyeusi.

"Ile ya pancake ya bei rahisi ni kitu kilekile."

Soma lebo. Nyingi ni shira ya mahindi na harufu ya kutengeneza. Harufu ya mepo inafanana sana na ya sotoloni, kemikali ya harufu ambayo ipo kwa wingi kwenye uwatu, ndio huuhuu uwatu wa jikoni kwetu! New York kuanzia 2005 watu walikuwa wanapiga simu kwa serikali ya jiji kwamba mji unanuka shira ya mepo, mpaka 2009 ikajulikana ni kiwanda kule New Jersey kinachosindika mbegu za uwatu.

"Ya asili, mwenye kisukari anakula tu."

Kijiko kimoja cha chakula kina kama gramu 12 za sukari. Asili au sio asili mwili unahesabu hizohizo.

"Ina sukari nyingi, haiharibiki."

Chupa ikishafunguliwa inaota ukungu, weka kwenye friji. Ukiwa nayo nyingi weka friza, haigandi ikawa jiwe, unamimina kama kawaida.