Mfalme si mkuu wa Kanisa la Scotland

Wengi hudhani Mfalme Charles ndiye mkuu wa Kanisa la Scotland, kama alivyo kwa Waanglikana wa Uingereza. Sivyo. Kanisa hili ni la Kipresbiteri, yaani linaloongozwa na mabaraza ya wazee na wachungaji badala ya maaskofu, kisheria tangu 1690, na sheria ya 1921 ilitambua kwamba mambo ya kiroho huyaamua lenyewe. Mkutano Mkuu ukikaa Edinburgh mwezi Mei, mwakilishi wa mfalme huketi kule juu roshanini. Hana kura wala nafasi katika mjadala. Kiti ni cha Moderata, msimamizi wa mkutano huo, tena kwa mwaka mmoja tu.

Hata ibadani, katika sharika nyingi Biblia ndiyo hutangulia: mhudumu huibeba hadi mimbarini, watu wamesimama, ndipo mchungaji afuate.