Muhtasari wa kikao kwa akili mnemba: zana ipi, hatua ipi

Ukiuliza "nitumie ChatGPT au Gemini?" kabla hujataja kazi yenyewe, jibu lolote utakalopata ni la kubahatisha. Tazama kwanza unaanza na nini mkononi: sauti, waraka au tarakimu. Kila kimoja kina zana yake na namna yake ya kukukosesha.

Chukua muhtasari wa kikao kilichoendeshwa kwa Kiswahili. Hapo pana kazi mbili: kugeuza sauti kuwa maandishi, kisha kugeuza maandishi hayo kuwa muhtasari.

Kwa sauti napendekeza Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwezi Septemba 2022. Ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako, hivyo katika hatua hii sauti za wajumbe hazitoki ofisini. Programu hii ina modeli, yaani matoleo, ya ukubwa tofauti: chagua iitwayo large, maana zile ndogo, tiny na base, huvuruga Kiswahili vibaya. Taja lugha kwa msimbo sw. Usipoitaja, programu hukisia kwa sekunde 30 za mwanzo, na hizo mara nyingi ni kelele za viti. Penye ukimya mrefu huzua sentensi ambazo hakuna aliyezisema, kwa hiyo kata mapumziko ya chai kwenye rekodi kabla ya kuanza. Vilevile haitambui nani anazungumza. Mwenyekiti amtaje kwa jina kila anayempa nafasi.

Kwa muhtasari, ChatGPT, Gemini au Claude yoyote itafaa. Hapa kinachoamua ni maelekezo yako. Bandika ajenda na orodha ya wahudhuriaji, kisha shughulikia ajenda moja moja. Ukimwaga saa mbili za mazungumzo kwa mkupuo, mambo ya katikati hupungua.

Makosa ninayoyahofia zaidi ni ya saa na fedha. Mjumbe akisema "tukutane Alhamisi saa tatu", modeli inaweza kuandika 3:00, na mgeni anayefuata saa za kimataifa akafika alasiri wakati kikao kilikuwa 9:00 asubuhi. "Laki mbili na nusu" nayo ni 250,000, lakini usishangae ukikuta 200,000. Mimi huielekeza modeli hivi: "Saa iache kama ilivyotamkwa. Fedha ziandike kwa maneno ya msemaji, kisha tarakimu. Usiongeze lisilosemwa. Penye utata andika HAKIKI." Kisha kila HAKIKI irudiwe kwa kusikiliza rekodi.

Hesabu usiiachie modeli ya lugha ijumlishe yenyewe, kwa kuwa hutabiri maneno tu. Iombe ikuandikie fomula, mfano =SUMIF(B2:B60,"Usafiri",C2:C60), yaani jumla ya tarakimu za safu C kila penye neno Usafiri kwenye safu B, halafu Excel ijumlishe.

Kwa waraka mrefu, kama kanuni za utumishi, NotebookLM ya Google hujibu kutokana na faili ulizopakia na huonyesha kifungu ilikotoa jibu. Bofya ukisome kifungu chenyewe. PDF iliyoskaniwa ikiwa hafifu, majibu nayo yatakuwa mabovu.

Mashauri ya nidhamu, afya na mishahara ni taarifa binafsi: Tanzania zinalindwa na sheria ya 2022, Kenya na ya 2019. Kabla ya kubandika chochote mtandaoni, badili majina yawe Mtumishi A, Mtumishi B, na zima kwenye mipangilio ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kufunzia modeli. Orodha ya majina halisi ibaki kwenye faili lako.