Wimbo wa Mhusika ni Nini?

Ipo ngano ya pwani ya mtoto wa kike aliyekwenda ufukweni na wenzake kuokota kombe. Akapata kombe zuri, akaliweka juu ya mwamba, akalisahau. Walipokuwa njiani kurudi akalikumbuka, lakini wenzake wakakataa kurudi naye, basi akaenda peke yake huku akiimba ili kujipa moyo. Juu ya mwamba alilikuta zimwi limekaa. Zimwi likamwambia, "Sogea, sikukusikia vizuri, imba tena." Aliposogea likamkamata na kumtia ndani ya ngoma, likaanza kuzunguka naye vijijini. Likipiga ngoma, mtoto huimba ndani, na watu hustaajabia ngoma yenye sauti tamu namna ile na kulipa zimwi chakula. Siku moja likaingia, bila kujua, katika mji wa wazazi wake. Mama aliposikia tu, akajua ni nani aliyemo.

Ngoma ilikuwa bado haijafunguliwa. Hakuna aliyeuona uso wa mtoto wala kuambiwa jina lake. Wimbo peke yake ndio uliosema, "Ni fulani, yumo humu." Ngano hii husimuliwa kwa namna nyingi katika jamii mbalimbali za Kibantu, na sijui mfano mwingine unaoieleza dhana yetu vizuri zaidi. Wimbo wa mhusika ni wimbo, au hata sauti chache tu za ala, unaomleta akilini mwa msikilizaji mtu wa hadithi hata pale asipoonekana. Nasema mtu wa hadithi kwa makusudi. Wimbo wa kumsifu kiongozi au wa kumlilia marehemu unamhusu mtu aliyeishi, na huo ni mjadala mwingine. Mhusika ni wa kubuni: binadamu, mnyama au zimwi, katika ngano, riwaya, tamthilia au filamu.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuulizwa dhima ya nyimbo katika ngano. Hujibu kwamba nyimbo huondoa uchovu, huishirikisha hadhira na hutenganisha matukio. Ni kweli, lakini naona kazi iliyo kubwa kuliko hizo husahaulika. Fanani, yaani msimulizi wa ngano, akiimba wimbo wa zimwi mara ya kwanza, watoto husikiliza tu. Mara ya pili huitikia. Mara ya tatu, akianza silabi moja tu, wanasogeleana kwenye mkeka kabla hajatamka neno zimwi. Wimbo umeshakuwa jina.

Watunzi wa muziki wa Ulaya waliijenga mbinu hiyohiyo kwa ala bila maneno. Mfano ulio rahisi kuufuata ni kazi ya Sergei Prokofiev wa Urusi iliyopigwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1936, kisa cha mtoto Petro na mbwa mwitu. Kila mhusika amepewa ala yake: ndege ana filimbi, paka ana klarineti, babu ana basuni yenye sauti nzito, mbwa mwitu ana honi tatu, na Petro mwenyewe ana fidla na nyuzi nyingine. Bata amepewa obo, ala ambayo ni ndugu wa zumari letu la pwani, ile sauti ya puani inayopenya. Msimulizi huwatambulisha wote mwanzoni, na kuanzia hapo mtoto wa miaka mitano anaweza kufuata kisa akiwa amefumba macho. Mbwa mwitu anammeza bata. Mwishoni kabisa, wengine wakiwa kwenye maandamano ya ushindi, obo inasikika tena, chinichini. Bata alimezwa mzima, na bado analia tumboni. Kila nikifika hapo namkumbuka yule mtoto ndani ya ngoma.

Kipande cha muziki kinachorudi namna hii kila mhusika, kitu au wazo fulani linapoguswa huitwa laitimotifu, neno lenye asili ya Kijerumani linalohusishwa zaidi na Richard Wagner. Opera zake nne, yaani tamthilia za kuimbwa, za Pete ya Nibelung, zilizoonyeshwa kwa ukamilifu mjini Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, zimesukwa kwa vipande vya aina hiyo. Katika ile ya pili, mungu Wotan anamlaza bintiye Brünnhilde usingizini na kumzungushia moto, akitangaza kwamba asiupite yeyote anayeuogopa mkuki wake. Maneno hayo anayaimba kwa muziki wa Siegfried, shujaa wa opera inayofuata, na Siegfried bado yuko tumboni mwa mama yake. Msikilizaji makini anaambiwa nani atauvuka moto ule, opera nzima kabla ya kutokea.

Filamu ilirithi mbinu hii. Katika ile ya mwaka 1975 ya Steven Spielberg kuhusu papa anayewinda watu, muziki wa John Williams umejengwa juu ya noti mbili tu zinazopokezana, polepole kisha kwa kasi. Kwa muda mrefu papa haonekani kabisa, noti zile ndizo papa. Halafu kuna mahali watoto wawili wanawatisha waogaji kwa pezi la bandia, na muziki haupigwi. Mtazamaji aliyezoea anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa pezi analiona kwa macho yake.

Kwa nini tunakumbushwa? Naona kuna njia mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni mazoea: sauti na mhusika vimekuja pamoja mara nyingi hadi kimoja kinakiita kingine. Katika filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1931, muuaji wa watoto hupiga mluzi wa wimbo wa Edvard Grieg, na anayemtambua ni kipofu muuza maputo. Wimbo ule Grieg aliutunga kwa ajili ya mazimwi ya mlimani katika tamthilia ya Henrik Ibsen. Hauna damu ya mtoto ndani yake. Umemganda muuaji kwa sababu tu ulikuwa mdomoni mwake, na aliyeiona filamu ile hawezi tena kuyarudishia mazimwi wimbo wao kirahisi.

Njia ya pili ni mfanano. Wimbo haukutungwa kwa ajili ya mhusika, pengine mtunzi hakuwahi kumsikia, lakini msomaji anausikia na kusema, "Huyu ni yeye." Hapa kazi yote anaifanya msikilizaji. Watu wa taarabu wanaijua vizuri kazi hii. Mshairi anafumba, hamtaji mtu. Mwimbaji akifika kwenye ubeti fulani, mama mmoja anainuka kitini, anakwenda mbele kumtunza, pesa mkononi, na ukumbi mzima unaelewa kwamba ubeti ule ni wake leo. Shoga yake ameinukia ubeti mwingine wa wimbo huohuo. Anayeunganisha wimbo na mtu wa riwaya anafanya jambo hilohilo, isipokuwa anainuka kwa niaba ya mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe.

Siku hizi vijana hukusanya nyimbo kumi, ishirini, kwenye simu na kuziita za mhusika fulani. Huko Japani waigizaji wa sauti za katuni hurekodi nyimbo wakiwa ndani ya uhusika, na mashabiki wakazinunua kama za mhusika mwenyewe. Wapo wanaoona huu ni mchezo wa kitoto. Mimi naona ni kusoma kwa bidii, ila kwa sharti moja: useme wimbo ni sauti ya nani, na ni ya ukurasa gani. Kusema tu kwamba wimbo ni wa huzuni na mhusika ana huzuni hakutoshi, maana hapo nusu ya nyimbo za dunia zingemfaa.

Mfano wangu ni Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847. Mwaka 1978 Kate Bush wa Uingereza alitoa wimbo wenye jina hilohilo, akiimba kama mzuka wa Catherine, msichana wa riwaya hiyo, unaoomba kufunguliwa dirisha usiku wa baridi, kwa sauti ya juu kama ya mtu asiyekanyaga ardhi. Catherine amekwisha pata wimbo wake. Heathcliff, kijana anayempenda, je? Kwangu mimi wake ni Malaika, uliovumishwa na Fadhili William wa Kenya katika miaka ya 1960 na kufikishwa mbali zaidi na Miriam Makeba. Kijana anampenda msichana, angemuoa, mali hana. Heathcliff ni yatima aliyeokotwa, ameshushwa hadi kuwa mtumishi, na anamsikia Catherine akisema kuolewa naye kungemshusha hadhi. Anatoka kimyakimya kabla hajasikia maneno yanayofuata, kwamba anampenda. Ukiupiga wimbo ule mlango ukifunga nyuma yake, hakuna neno linalopungua wala kuzidi.

Lakini anarudi baada ya miaka mitatu, na mali anayo, na hakuja kuoa bali kulipiza. Malaika ni wimbo wa mtu anayeumia bila kumuumiza mwenzake. Nikifika sura hiyo nauzima.