Mtoto Anaanza Shule: Macho Yake Nani Ameyapima?

Desemba ikifika, mzazi mwenye mtoto wa kuanza shule hutembea na karatasi mfukoni: sare, viatu vyeusi, soksi, madaftari, penseli, ufagio, pengine na rimu ya karatasi. Orodha za namna hiyo nimezisoma nyingi, na sijaona hata moja iliyoandikwa "kupima macho". Cheti cha kuzaliwa kinaulizwa, macho hayaulizwi. Yafuatayo ni maswali ambayo wazazi huuliza kwenye benchi la kliniki ya macho, na majibu yake.

Mwanangu anaona mpaka ndege angani. Apimwe ya nini?

Ndege anaonekana hata kwa jicho moja. Huo ndio mtego.

Kuna binti wa miaka sita aliletwa kliniki kwa sababu macho yalikuwa yanamwasha. Kuona, mama yake alisema, hana shida kabisa. Tulipomziba jicho la kushoto alionyesha kila alama bila kusita, mama anatabasamu. Tukaziba la kulia. Akausukuma mkono. Tukaziba tena, akapinda shingo achungulie pembeni ya kiganja. "Ana utundu huyo, anawachezea," mama akasema. Mtoto hakuwa anacheza. Jicho lake la kushoto halikuona hata alama kubwa ya juu kabisa, kwa hiyo kila tulipoziba la kulia tulikuwa tumemzimia taa.

Mtoto wa umri huo hatakuja kukwambia, "Mama, sioni vizuri." Ajuaje? Tangu azaliwe dunia yake iko hivyo, na anadhani kila mtu akitazama mwembe anaona bonge moja la kijani lisilo na majani. Ukimuuliza "unaona?" atajibu "naona", na hatakuwa amesema uongo.

Si tungoje akue kidogo, aweze kujieleza?

Kungoja ndiko kunakoharibu. Jicho hupokea picha, lakini kuona hasa ni kazi ya ubongo, na ubongo hujifunza kazi hiyo katika miaka ya mwanzo. Jicho moja likileta picha yenye ukungu, ama kwa sababu lina namba ya miwani kubwa kuliko mwenzake, ama lina kengeza, ama lina mtoto wa jicho, ubongo hulipuuza na kulitegemea lile zuri. Jicho lililopuuzwa huitwa jicho vivu, na mara nyingi ukilitazama kwa nje huoni kasoro yoyote.

Katika umri wa miaka minne, mitano, sita, jicho hilo huamka vizuri likipata miwani sahihi, na pengine lile zuri likizibwa kwa muda kila siku ili vivu lilazimike kufanya kazi. Kwa watoto wengi wenye tatizo la wastani, kuziba saa mbili kwa siku hutosha. Baada ya miaka saba au nane kazi inakuwa ngumu. Haimaanishi mtoto wa miaka kumi asiletwe, maana wapo wanaopata nafuu, ila faida hupungua kila mwaka unaopita. Hapa Tanzania mtoto huingia elimu ya awali na miaka mitano, darasa la kwanza na sita. Ndio umri wenyewe.

Hata a, e, i, o, u hajui. Atapimwaje?

Ubao wa herufi unaouona kwenye kliniki, kubwa juu na ndogo chini, ulibuniwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Kwa mtoto asiyejua kusoma hutumika herufi E peke yake, imegeuzwa huku na huku: miguu yake mitatu mara inaangalia juu, mara chini, kulia au kushoto. Mtoto anaonyesha kwa vidole vyake vitatu miguu inaangalia wapi. Wengi huuona ni mchezo. Wadogo zaidi hupimwa kwa picha au kwa kufananisha maumbo.

Ukiona kwenye karatasi yake imeandikwa 6/12, maana yake ni kwamba anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 12. Mtoto wa miaka mitano si lazima afike 6/6, kwa hiyo usishtuke ukikuta 6/9. Kinachoshtua ni jicho moja kupishana sana na lingine.

Kisha usishangae akitiwa matone ya kutanua mboni. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza lione karibu, na bila kulilegeza linaweza kudanganya kipimo, mtoto akaondoka na namba isiyo yake. Matone huwasha kidogo, halafu kwa saa kadhaa, na kwa aina nyingine ya dawa hata siku kadhaa, mwanga humuumiza na maandishi ya karibu humpotea. Mpelekee kofia. Na siku hiyo asipelekwe shule moja kwa moja kutoka kliniki, atateseka bure.

Naweza kumjaribu mwenyewe nyumbani?

Unaweza, na ningependa kila mzazi afanye hivyo. Chukua karatasi nyeupe na kalamu nyeusi ya wino. Chora E yenye urefu wa milimita 9 na upana wa milimita 9, miguu yote mitatu ilingane, kila mstari uwe na unene wa karibu milimita 2. Pima mita 3 kwa rula au futi ya fundi, usikadirie kwa hatua. Mtoto akae kwenye kiti, wewe simama upande wa pili, mchana, mahali penye mwanga kama barazani, jua lisimpige usoni.

Kwanza mfundishe mchezo kwa karibu, macho yote mawili wazi. Akishaelewa, zibeni jicho moja. Hapa watoto ni wajanja: vidole vikiachana kidogo tu anachungulia. Afadhali mtu mwingine amzibe kwa kiganja, bila kulikandamiza jicho, au umfunge kitambaa kilichokunjwa. Geuza E mara tano, kila mara uifiche mgongoni kwanza asione unavyoizungusha. Akipata mara nne au zote tano, jicho hilo limefika kama 6/12. Badilisha jicho. Akishindwa upande mmoja, au akianza ukorofi upande mmoja tu kama yule binti, nendeni kliniki.

Lakini usiridhike na E yako peke yake. Mtoto mwenye shida ya kuona karibu anaweza kuifaulu vizuri kabisa kwa kujikaza, kisha jioni akalalamika kichwa kinamuuma. Kufaulu nyumbani hakufuti kipimo cha mtaalamu.

Dalili zipi mwalimu au mzazi azitazame?

Mwalimu ana nafasi nzuri kuliko sisi sote. Amwangalie mtoto anayekosea akinakili ubaoni lakini anapatia mwalimu anapotamka. Anayenakili kutoka daftari la jirani. Anayefinya macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayefumba jicho moja juani. Wengi wao huitwa wazito au watoro wa masomo, na wengine huchapwa kwa hilo. Nyumbani, kukaa karibu na televisheni kila siku ni dalili ya kutazamwa, ingawa watoto wengine hupenda tu kukaa hapo.

Ana kengeza tangu mdogo. Bibi yake anasema litaisha akikua.

Mtoto mchanga macho yake huweza kupishana katika miezi mitatu ya mwanzo, na hilo huisha. Likiwepo baada ya hapo apelekwe hospitali, shule ingali mbali. Wapo pia wenye daraja pana la pua wanaoonekana wana kengeza wakati hawana, na mtaalamu hulitambua hilo kwa dakika moja kwa kumulika tochi na kutazama mwanga unang'aa wapi kwenye kila jicho. Bibi tumheshimu, lakini kengeza la kweli huzaa jicho vivu.

Kuna ambacho hakisubiri hata wiki?

Kipo. Katikati ya jicho, mahali panapotakiwa kuwa peusi, pakionekana peupe au pakimetameta kama jicho la paka, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, mpeleke hospitali siku hiyo au kesho yake. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye watoto wachanga pia humpata. Inaweza kuwa saratani ya jicho, retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa, mtoto hupona, na mara nyingine jicho hubaki. Ikicheleweshwa, huua.

Mengine ni kengeza lililozuka ghafla, jicho jekundu lenye maumivu na kuogopa mwanga, na jicho lililochomwa na kijiti au waya. Jicho lililojeruhiwa usilitie maziwa ya mama, asali wala maji ya majani. Lifunike bila kulibana, mwende.

Macho yanamwasha kila mara, dukani wananiuzia matone na yanatulia. Niendelee?

Acha leo. Macho ya mzio, yale ya kuwasha na kugeuka rangi ya kahawia, yamejaa kwa watoto wetu, na baadhi ya matone yanayouzwa bila cheti cha daktari yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Yanatuliza haraka, ndiyo maana mzazi hurudi kuyanunua. Yakitumika miezi na miezi huleta presha ya macho, ambayo humpofusha mtoto taratibu bila maumivu yoyote. Zipo dawa za mzio zisizo na hatari hiyo, daktari atakuandikia.

Karoti? Simu?

Vitamini A ni muhimu kweli: upungufu wake huanza kwa kutoona vizuri magharibi, na ukizidi hupofusha. Ndiyo sababu ya yale matone wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka. Matembele, mchicha, papai, embe, viazi lishe, maini na mayai vyote vinayo. Ila hakuna chakula kinachoondoa namba ya miwani.

Simu haipofushi. Ila mtoto anayeshinda ndani akitazama vitu vya karibu yuko katika hatari zaidi ya kupata shida ya kutoona mbali, na utafiti wa Asia ya Mashariki umeonyesha kwamba kukaa nje saa mbili kwa siku kunamkinga. Taiwan wameifanya kuwa mpango wa shule tangu 2010. Mtoto wa uswahilini anayecheza rede mpaka adhana ya magharibi hilo amelipata bila mpango.

Tukapime wapi?

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya macho. Wakiona tatizo kubwa watakupa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, au Bugando Mwanza. Duka la miwani lenye mtaalamu wa kupima linafaa kwa watu wazima, lakini mtoto chini ya miaka saba ningetaka aonwe kliniki kwanza, kwa sababu ya yale matone ya mboni.

Miwani haitamharibu macho zaidi? Na akichekwa na wenzake?

Haimharibu. Anapoivua anaona ukungu uleule aliokuwa nao, tofauti ni kwamba sasa ameshajua kuona vizuri kukoje. Usimvishe miwani ya shangazi, wala ile ya kusomea inayotembezwa stendi: namba zake zinalingana pande zote mbili, na macho ya mtoto mara nyingi hayalingani.

Wenzake watamwita profesa, na pengine macho manne, kwa wiki mbili tatu. Mwambie mwalimu mapema. Chukua lenzi za plastiki, za kioo huvunjika na kumkata, na mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa kama ni mkimbiaji. Arudi kupimwa daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila baada ya miezi michache mwanzoni, kwa sababu jicho la mtoto linakua na namba inabadilika. Fremu mwache achague mwenyewe. Yule binti alichukua ya waridi yenye vimetameta, mama yake akaguna, na mpaka leo haivui hata akienda kuoga.