Kupiga Picha za Wakimbiaji: Jua, Mahali pa Kusimama na Hatua Iliyo Hewani

Picha nyingi mbaya za mbio huwa zimeshaharibika kabla mkimbiaji hajafika. Mpiga picha kasimama upande usiofaa wa barabara, jua liko mgongoni mwa anayekuja, na nyuma yake kuna nguzo ya umeme na gari la matangazo. Kamera haina dawa ya hayo, hata iwe ya bei gani. Ndiyo maana naanza na barabara na jua, vitufe baadaye. Mfano wangu mkuu ni Kilimanjaro Marathon ya Moshi, kwa sababu njia yake ina karibu kila mtihani ambao mpiga picha wa riadha atakutana nao kwetu.

Mbio hizo zilianza mwaka 2003 na hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kipindi hicho jua la Moshi huchomoza karibu saa 12:40 asubuhi, mashariki na kusini kidogo. Huku karibu na ikweta jua halizungukizunguki pembeni, linapanda moja kwa moja, nyuzi 15 hivi kila saa. Saa 2:10 liko nyuzi 22 na kivuli cha mtu ni mara mbili na nusu ya kimo chake. Saa 3:40 limefika nyuzi 45, kivuli kimelingana na mwenyewe. Saa 4:40 ni nyuzi 60: macho yamezama chini ya nyusi, mwenye kofia uso wote umeingia gizani, na pua na mabega vinameremeta. Kwa hiyo nuru ya kupiga uso barabarani hudumu muda wa saa tatu tu tangu jua kuchomoza. Panga mahali pako kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa hizo.

Halafu kuna mlima. Njia ya marathon kamili hupanda kuelekea Mweka, kaskazini mwa mji, kisha hugeuka na kushuka. Anayepanda ana Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mbele yake, hivyo ukimpiga usoni mlima uko kisogoni kwako, hautaonekana. Wanaotaka mlima kwenye picha wamsubiri anaposhuka, wao wakiwa wameelekea kaskazini. Jua la asubuhi litakuwa mkono wa kulia wa mpiga picha na litampiga mkimbiaji ubavuni, upande wake wa kushoto. Hapo misuli ya paja na mkono inaonekana ilivyo. Usichelewe, maana mawingu hupanda pamoja na joto na mara nyingi kufikia saa 4 kilele kimefunikwa.

Lenzi ya hapo ni ndefu, milimita 200, na mkimbiaji awe mita 25 hadi 30 kutoka kwako. Ukitumia ya milimita 24 ukiwa karibu naye, mlima wa mita 5,895 unageuka kichuguu nyuma ya sikio lake. Funga apacha, yaani tundu la lenzi, hadi f/8 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) ili theluji na mabega ya Kibo yatambulike. Kwa f/2.8 utapata doa la buluu ambalo lingeweza kuwa mlima wowote duniani.

Barabara hiyo ya Mweka ina kivuli cha miti, migomba na mibuni, na hicho ndicho kinachowaangusha wengi. Kivuli chenye matundu humwaga madoa ya jua usoni mwa mtu, na doa moja linaweza kuzidi ngozi iliyo kivulini kwa stopu tatu au nne (kila stopu ni mwanga mara mbili). Hakuna programu itakayosawazisha hilo bila picha kuonekana imepakwa rangi. Chagua jua tupu au kivuli kizito. Pazuri kuliko pote ni mwisho wa kivuli kizito: simama kwenye jua, mpige mkimbiaji akiwa bado kivulini, mita mbili au tatu kabla hajatoka. Ardhi yenye jua iliyo mbele yake inamrudishia nuru laini usoni kutoka chini na mbele, hadi ndani ya macho. Ardhi ya mchanga au saruji hufanya kazi hiyo vizuri kuliko lami.

Kuhusu kupima mwanga, usiiachie kamera. Mkimbiaji mweusi, singlendi nyeupe, anga jeupe nyuma: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na uso unabaki umbo jeusi lisilo na macho. Kinyume chake, nguo nyeusi na msitu nyuma, kamera inaongeza kupita kiasi na jasho la paji la uso linageuka mabaka meupe. Weka kila kitu kwa mkono. Mwombe mhudumu wa meza ya maji au askari wa barabarani asimame pale pale watakapopita wakimbiaji, mpige, kuza picha kwenye kioo utazame shavu. Ongeza mwanga mpaka ngozi iwe na umbo, si rangi moja bapa. Mara nyingi utajikuta umepita pendekezo la kamera kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja na theluthi. Kamera ikianza kuonyesha alama kwamba singlendi imeungua kwa mwanga, mimi nachagua uso. Kitambaa kikipoteza mikunjo hakuna atakayelalamika. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza mwanga huongezeka haraka, kwa hiyo rudia jaribio hilo kila dakika kumi. Mizani ya rangi nayo iweke kwenye mwanga wa jua, Kelvin 5200 hivi, isibadilike yenyewe. Ikiwa otomatiki, majani ya migomba yataivuta kamera huku na udongo mwekundu kule, na mtu yule yule atakuwa na ngozi mbili katika picha tano.

Sasa kasi. Anayemaliza marathon kwa saa 2 na dakika 10 anakwenda mita 5.4 kwa sekunde. Ukiweka shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, sekunde 1/500, mwili wake unasogea sentimita moja na kidogo wakati shata iko wazi. Lakini mguu unaorushwa mbele hukimbia zaidi ya mara mbili ya kasi ya mwili, kwa hiyo kiatu kinasogea sentimita mbili na ushee, na maandishi yake yanakuwa ukungu. Ndiyo maana 1/1000 ndiyo sakafu yangu kwa wanaoongoza, na 1/2000 pale maji yanaporuka. Alfajiri, mbio zinapoanza na nuru bado changa, nashuka hadi 1/500 na f/2.8 na kuacha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 6400. Chenga za ISO husafishika, mtikisiko haufutiki.

Jihadhari na shata ya kielektroniki kwenye kamera ambazo kihisi chake, kipande kinachopokea mwanga, husomwa polepole. Kihisi kikisomwa mstari kwa mstari kwa muda wa sekunde 1/30, mguu unakuwa umeshahama kabla mstari wa mwisho haujasomwa, na unaona goti lililopinda pasipo na kiungo. Tumia shata ya mitambo.

Fokasi iwe ya kuendelea kufuata, si ya kufunga mara moja. Kwa lenzi ya milimita 200, f/2.8, kamera yenye kihisi kikubwa cha fremu kamili, mkimbiaji akiwa mita 10, kina chote kinachoonekana kikali ni sentimita 42 tu. Yule wa mita 5.4 kwa sekunde anakipita kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukifunga hadi f/4 unapata sentimita 60, na hiyo nafuu ndogo inaokoa picha nyingi. Anza kumfuata akiwa mita 30, kamera ipate muda wa kuelewa mwendo wake, ubonyeze akifika 15. Kwenye kundi, utambuzi wa nyuso hurukaruka kutoka mtu hadi mtu na hupenda aliye karibu, au asiye na kofia. Hapo uzime, tumia kundi dogo la pointi na uliweke juu kidogo ya namba ya kifuani. Ukiliweka kwenye namba yenyewe pia utapata fokasi kali, lakini mkimbiaji akiinama mbele, uso na kifua havilingani umbali.

Hatua yenyewe ndiyo kiini cha picha ya mbio, na wengi hupiga wasijue wanatafuta nini. Mguu unapotua, goti linapinda, kiuno kinashuka, mashavu na midomo vinatikisika, na mwanariadha bora kabisa anaonekana kama anayeketi. Sehemu kama mbili za kumi za sekunde baadaye ncha ya mguu wa nyuma inasukuma ardhi, paja la mbele liko juu, kisha miguu yote miwili iko hewani. Hapo mwili umenyooka na uso umetulia. Mkimbiaji hupiga hatua karibu 180 kwa dakika, yaani tatu kila sekunde. Kamera ya fremu 10 kwa sekunde inakupa picha tatu kwa kila hatua, na si lazima hata moja iwe ile. Kwa hiyo usishikilie kitufe tangu mbali mpaka kadi izidiwe na kamera isimame wakati mshindi anapita. Sikiliza mdundo wa miguu, bonyeza mguu unapoanza kusukuma, fremu nne au tano, achia. Piga goti, lenzi ije usawa wa kiuno chake au chini. Ukisimama, pengo kati ya viatu na barabara halionekani, na mtu aliye hewani anaonekana kama amekanyaga chini.

Kwenye kona, simama upande wa nje. Wakimbiaji wanakujia uso kwa uso, kundi linajinyoosha, na wa nyuma hawafunikwi na wa mbele. Kwenye mwinuko wanainamisha kichwa. Piga kwa chini zaidi au hamia kwenye mteremko. Mita chache baada ya meza ya maji hapafai kwa uso, macho yote yako kwenye chupa na vikombe vilivyotapakaa barabarani.

Kufuatisha kamera na mkimbiaji ili nyuma ipigwe mistari kunahitaji neno la ziada, maana wengi huiga wapiga picha wa baiskeli na kushindwa. Baiskeli huteleza, mkimbiaji hupanda na kushuka. Ukienda 1/20 kichwa chake kitachoreka wima. Nenda 1/60, mita 6 hivi kutoka kwake, geuza kiuno chako badala ya mikono, na ubonyeze akiwa kileleni mwa mruko: pale ameacha kupanda na hajaanza kushuka, kwa hiyo mwendo wa wima ni sifuri. Jua likiwa kali, 1/60 kwa ISO 100 itakudai apacha karibu f/20, ambapo picha inalegea na kila chembe ya vumbi kwenye kihisi inajitokeza. Funga kichujio cheusi cha stopu tatu urudi kwenye f/7 au f/8.

Kwenye mstari wa kumalizia kosa ni moja, na linajirudia kila mwaka: mpiga picha anasubiri mkimbiaji akanyage mstari. Wakati huo huo mkimbiaji anainamia mkono wake kuzima saa, na picha ni ya utosi. Simama mita 20 au 30 ng'ambo ya mstari, piga akiwa bado na mita tano hadi kumi za kukimbia, kisha subiri apite na anyanyue uso. Mtu akianguka hapo, kamera chini na uite huduma ya kwanza.

Mazoezi yana sheria zake. Iten nchini Kenya, karibu mita 2,400 juu ya bahari, makundi makubwa hukimbia fartlek, mazoezi ya kubadilisha kasi na polepole, siku ya Alhamisi kwenye barabara za murram nyekundu, yaani za udongo wa changarawe. Muone kocha kabla, umwambie picha ni za nini. Usiwatangulie na gari au pikipiki karibu, vumbi lako ndilo watakalovuta. Simama mahali pamoja, upande upepo unakotoka, jua likiwa chini na nyuma yao: vumbi linawaka kama moshi wa dhahabu kuwazunguka, na kwa picha hiyo naacha nyuso ziwe nyeusi bila majuto. Lenzi usibadilishe hapo. Kioo cha lenzi kikipata vumbi, tumia pampu ya mpira, si pumzi yako wala kanga, kwa sababu chembe za murram hukwaruza.

Wanaomaliza marathon kwa muda wa saa tano na sita ndio wenye haki ninayoitetea zaidi. Wanakwenda mita 2.3 kwa sekunde au pungufu, 1/500 inawatosha, lakini wanakimbia jua likiwa karibu na utosi, na wapiga picha wengi wameshaondoka au wanapiga bila kufikiri. Ule mwisho wa kivuli kizito niliousema, uweke kwa ajili yao. Hamia hapo ifikapo saa 4. Hatua zao zimekuwa fupi, hewani hawakai, kwa hiyo acha kuwinda mruko. Sogea karibu, milimita 85 hadi 135, piga kiunoni kwenda juu, namba isomeke. Ukiona namba imekunjwa au imefunikwa na mkono, toa fremu moja zaidi mkono ukiwa nyuma.

Kabla ya yote, alfajiri hiyo, piga picha ya saa kubwa ya mbio kwa kila kamera utakayotumia. Ukikuta moja imepotea dakika tatu, utazirekebisha picha zake zote kwa mkupuo, na mtu ambaye namba yake ilidondoka kilomita ya 12 utampata kwa muda wa chipu yake. Kwa picha za kuuza kwa wakimbiaji elfu kadhaa, JPEG inatosha ukiwa umepima mwanga vizuri. RAW, faili ghafi linaloacha nafasi ya kurekebisha, iwashe kwa wanaoongoza na kwa zile za mlima.