"Alilia?" ni swali dogo kwa mtoto njiti

Katika wodi ya watoto wachanga ninakofanya kazi, hapa Kisumu, nyanya akija kumwona mjukuu njiti huanza na swali lile lile: "Daktari, alilia?" Akiambiwa alilia, anashusha pumzi. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, swali hilo lina uzito, maana kilio ni dalili kwamba alivuta hewa. Kwa aliyezaliwa wiki ya 29, kilio ni mwanzo tu wa habari.

Mtoto aliyekomaa akikosa hewa, mara nyingi ni tukio moja kubwa: kitovu kimebanwa, au kondo limebanduka mapema. Njiti huumia hata kidogo kidogo. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa, basi mtoto anasahau kupumua. Sekunde 20 zinapita kifua kimetulia, moyo unapunguza mwendo, midomo inageuka rangi. Unamsugua unyayo, anarudi. Saa moja baadaye anasahau tena. Hapo presha nayo inayumba, na mishipa yake haijajua kusawazisha damu inayopanda kichwani.

Pigo huangukia wapi? Katikati ya ubongo mna vyumba vya maji. Kati ya wiki ya 24 na ya 32 hivi, kandokando ya vyumba hivyo kumejaa seli changa ambazo kazi yake ni kuzivika nyuzi za neva ala ya mafuta, kama mpira unavyofunika waya wa stima. Oksijeni ikipungua, au maambukizi yakiingia mwilini, seli hizo ndizo za kwanza kufa au kudumaa. Sasa, nyuzi zinazoshuka miguuni hupita karibu kabisa na vyumba vile. Za mikono na uso ziko mbali kidogo. Ndiyo maana unamkuta mtoto anacheka, anashika kijiko, anaita watu majina, ila miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Hakulogwa. Wala si kwa sababu mamake alibeba mtungi wa maji.

Tunauchungulia ubongo kwa ultrasaundi kupitia utosi. Damu ikivuja, kwa kawaida ni ndani ya siku 3 za kwanza. Lakini vitundu vya jeraha lile la kando ya vyumba huchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa hiyo picha safi ya wiki ya kwanza hainitoshi. Naomba irudiwe, hata wazazi wakininung'unikia gharama.

Baba mmoja aliniuliza mbona mwanawe hapozwi mwili, kwani alikuwa amesoma kuhusu tiba hiyo. Kupoza hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72 ni kwa waliokomaa wakakosa hewa wakizaliwa. Njiti baridi inamuua.

Mwanawe tunampa kafeini, ndiyo, ile ile ya kahawa, kwa kipimo, ili asisahau pumzi. Oksijeni tunaipima, tukilenga asilimia 90 hadi 95 kwenye damu, maana ikizidi inaharibu macho. Mama anayekaribia kujifungua kabla ya wiki ya 32 akidungwa dawa ya magnesiamu salfeti, hatari ya mtindio wa ubongo, kama ule wa miguu kukakamaa, hupungua. Ndiyo sababu nawasihi wajawazito wasingoje uchungu ukolee ndipo watafute bodaboda.

Kisha tunamfunga mtoto kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi. Mama akishazoea, kifua kile kikinyamaza anashtuka na kumsugua mgongo kabla mashine haijalia.