Uko Uingereza: utampataje daktari wa familia anayekufaa?

Nimehamia Leicester juzijuzi na sina kitambulisho wala bili yenye anwani. Nitasajiliwa kweli?

Utasajiliwa. England, kujisajili kwa daktari wa familia, yule wanayemwita GP, ni bure, na kukosa kitambulisho, uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji si sababu ya kukukatalia. Dada wa mapokezi aking'ang'ania pasipoti, mwambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, hauidai. Wanaweza kukukatalia ikiwa unaishi nje ya eneo lao, lakini waombe sababu kwa maandishi.

Nitajuaje kama kliniki ni nzuri?

Shirika la ukaguzi, CQC, huzipa kliniki moja ya daraja nne, na utaliona kwenye tovuti yake. Angalia na tarehe, maana ukaguzi mwingine ni wa miaka iliyopita. Mimi naamini zaidi simu: wapigie Jumatatu saa mbili asubuhi, wakati kila mtu anagombania miadi, uone unasubiri muda gani na unajibiwaje.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Niende na mwanangu anitafsirie?

Hapana. Hebu fikiria binti wa miaka 12 akieleza habari za mama yake kutokwa damu ukeni: mama atafichaficha, mtoto ataruka maneno. Unapoomba miadi, omba mkalimani. Hulipi, na mara nyingi huwa kwenye simu. Taja na unakotoka, kwani Kiswahili cha Bukavu na cha Unguja hupishana.

Naweza kuchagua daktari mwenyewe?

Unasajiliwa na kliniki, si na mtu, ila unaweza kuomba daktari unayempenda, au wa kike. Mwenye kisukari au presha namshauri asubiri siku mbili tatu zaidi amwone yuleyule. Miadi ni kama dakika 10 tu, basi anza na linalokusumbua zaidi. Dawa zako zote ziende nawe, hata za miti shamba.

Nimerudi kutoka Tanga na homa. Miadi yangu ni wiki ijayo.

Usiisubiri. Piga 111, simu ya ushauri ya NHS, leo hii, au nenda hospitali kitengo cha dharura kama hali ni mbaya, na utaje Tanga kabla hujaulizwa. Bila hivyo wanaweza kudhani ni mafua, wakati kipimo cha malaria kinatakiwa siku hiyohiyo.